Saa ya Ziada ni Deni, Si Zawadi





Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1867, inatukumbusha kwamba ziko dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni. Inataja damu ya Abeli, dhambi ya watu wa Sodoma, kilio cha taifa lililoonewa kule Misri, kilio cha mgeni, mjane na yatima, na mwishoni dhuluma anayotendewa mtu aishiye kwa ujira. Ile ya kwanza hatuisahau, maana hakuna asiyeshtuka asikiapo habari ya mauaji. Ile ya mwisho tunaipita upesi, labda kwa sababu hutendeka kimya kimya, ndani ya daftari la mahesabu, na mara nyingi mkono wa mtu anayesali vizuri tu siku ya Dominika.

Juma hili naomba tutafakari sehemu moja ya dhuluma hiyo, ambayo wengi wetu hatuioni kuwa dhuluma: malipo ya saa za ziada, au ovataimu kama tulivyozoea kuiita.

Huenda mtu akauliza, padre ameingiaje katika mambo ya mishahara, tena hapa Rungwa? Sisi tumezoea kujiita wakulima, wafugaji na warina asali, na kweli ndivyo tulivyo. Lakini hebu tujitazame vizuri. Msimu wa uwindaji unapoanza mwezi Julai, kambi zilizo katika vitalu vya Pori la Akiba la Rungwa huhitaji wapishi, wafua nguo, madereva na vibarua. Barabara itokayo Itigi kwenda Makongolosi na Mbeya ina nyumba za wageni na migahawa, na humo wamo wahudumu. Wapo vijana wa mashine za kusaga, wapakiaji wa magunia, walinzi wa usiku, na mabinti wa kazi za nyumbani ambao hawaonekani kwa sababu wako jikoni mwetu. Wote hao wanauza saa za maisha yao. Swali ni moja tu: je, tunazihesabu?

SHERIA YETU INASEMAJE

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Inasema kwamba kazi ya kawaida isizidi siku 6 kwa wiki, saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Kazi inayozidi hapo ni kazi ya ziada. Kazi hiyo ya ziada hufanyika kwa makubaliano tu. Mwajiri hana mamlaka ya kumwamuru mtu abaki kana kwamba ni mali yake. Haipaswi kuzidi saa 50 katika kipindi cha wiki nne, na kwa siku moja, ukijumlisha ya kawaida na ya ziada, mtu asifanye kazi zaidi ya saa 12.

Kuhusu malipo, kila saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Mfanyakazi anayeitwa kazini katika siku yake ya mapumziko ya wiki, au siku ya sikukuu ya umma, hulipwa mara mbili kwa kila saa. Anayefanya kazi usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, huongezewa asilimia 5 kwa kila saa ya usiku. Na ikiwa saa hiyo ni ya ziada pia, asilimia 5 hukokotolewa juu ya kile kiwango kilichokwisha kupanda. Tena, mtu aliyefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60. Mapumziko hayo si lazima yalipwe, ila kama mfanyakazi ametakiwa kuendelea na kazi au kubaki tayari kwa kazi, basi hayo si mapumziko tena.

HESABU YENYEWE

Wengi hukwama mahali pamoja: mtu analipwa kwa mwezi, sasa saa yake moja ni shilingi ngapi? Sheria imetoa jibu katika jedwali lake. Mwaka una wiki 52 na miezi 12, kwa hiyo mwezi mmoja una wiki 4.333. Mshahara wa mwezi hugawanywa kwa wiki hizo 4.333 zikizidishwa na saa ambazo mtu huzifanyia kazi kwa kawaida kila wiki. Kwa mtu wa saa 45, kigawanyo ni 195. Anayefanya kazi saa chache zaidi kwa makubaliano, kigawanyo chake ni kidogo zaidi, na saa yake ina thamani kubwa zaidi.

Tuchukue mhudumu wa kufikirika ambaye mshahara wake wa msingi ni shilingi 234,000 kwa mwezi. Nimechagua kiasi hicho kwa wepesi wa hesabu, wala sisemi kwamba kinatosha. Gawanya kwa 195, utapata shilingi 1,200 kwa saa. Saa yake ya ziada basi ni shilingi 1,800, na saa ya siku ya mapumziko ni shilingi 2,400.

Tuseme kwamba katika wiki moja alibaki saa 2 zaidi kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, jumla saa 10, na kati ya hizo saa 3 ziliangukia baada ya saa 2 usiku. Kisha Dominika, siku yake ya mapumziko, wageni walikuwa wengi, akaitwa kwa saa 5. Saa 10 za ziada ni shilingi 18,000. Nyongeza ya usiku ni shilingi 90 kwa saa, kwa saa 3 ni shilingi 270. Dominika ni shilingi 12,000. Jumla anadai shilingi 30,270 kwa wiki hiyo moja, mbali na mshahara wake.

Sasa tuwe wakweli. Ni wangapi kati yetu wangempa kiasi hicho? Mmoja angempa shilingi 5,000 akimwambia anywe soda. Mwingine angempa 10,000 na kujiona mkarimu, na mhudumu angeipokea kwa mikono miwili na kupiga goti. Lakini hapo aliyetoa 10,000 bado anadaiwa shilingi 20,270. Shukrani aliyoipokea hakuistahili, maana mdaiwa aliyelipa theluthi ya deni lake hashukuriwi.

Zipo pia njia za ujanja. Ya kwanza ni kugawanya mshahara kwa 240, yaani siku 30 kwa saa 8, kana kwamba mtu hufanya kazi kila siku ya mwezi bila kupumzika. Kwa mhudumu wetu, saa ingeshuka kutoka shilingi 1,200 hadi 975. Ya pili ni kuumega mshahara: sehemu ndogo inaitwa mshahara wa msingi na sehemu kubwa inaitwa posho. Kwa kuwa ovataimu hukokotolewa juu ya mshahara wa msingi peke yake, posho nono inaweza kuwa mtego mtamu. Ya tatu ni kusema kwamba anayelipwa kwa kipande, kwa gunia au kwa tenga, hana saa. Sheria haikumsahau huyo naye: huhesabiwa kama mtu wa malipo ya wiki, kwa wastani wa alichopata katika wiki 13 zilizotangulia.

Neno hilo "kipande" lina historia ndefu katika nchi yetu. Zama za ukoloni, manamba wa mashamba ya mkonge walikuwa na kadi ya kipande yenye nafasi za siku 30 za kazi. Mwezi wao haukuwa mwezi wa kalenda. Ulikwisha pale kadi ilipojaa, na siku ambayo kazi haikukubaliwa haikuandikwa. Aliyeshika kalamu ndiye aliyeshika mwezi. Uhuru ulikuja mwaka 1961, lakini kila mahali ambapo mwajiri peke yake ndiye anayejua saa zilizofanywa, kadi ile bado ipo.

MLINZI WA USIKU

Naomba tumtazame mlinzi kwa namna ya pekee, maana hapo sheria inafundisha jambo zaidi ya fedha. Mlinzi anayeingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, usiku 6 kwa wiki, bila mtu wa kumpokea hata ale chakula, amefanya kazi saa 72. Toa 45 za kawaida, zinabaki 27 za ziada kwa wiki. Kwa wiki nne ni saa 108, wakati kikomo ni 50. Mwajiri akilipa kila senti ya saa hizo, bado amevunja sheria. Mipango maalumu ya saa inaruhusiwa kwa makubaliano ya maandishi, lakini hakuna unaofikia saa 72 kila wiki.

Kwa nini sheria ikatae hata pale ambapo fedha zipo na mlinzi mwenyewe anazitaka? Kwa sababu mwanadamu haruhusiwi kuuzwa wote, hata na yeye mwenyewe. Mungu aliyeamuru kazi ndiye aliyeamuru pumziko, na katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati sura ya 5 pumziko hilo linatajwa waziwazi kwa ajili ya mtumwa na mjakazi pia, pamoja na ng'ombe na punda. Mlinzi ana mke anayemsubiri na watoto wasiomjua isipokuwa akiwa amelala. Haki yake si shilingi peke yake. Ni pia usiku mmoja kitandani mwake. Jibu halali ni kuajiri mlinzi wa pili na kugawana zamu. Ni gharama, naam, lakini gharama hiyo sasa hivi inalipwa na mwili wa mtu mmoja.

VISINGIZIO VINNE

Kisingizio cha kwanza: "Tulikubaliana." Papa Leo wa XIII alilijibu hili katika waraka wake Rerum Novarum wa tarehe 15 Mei 1891. Alifundisha kwamba juu ya mapatano ya mwajiri na mfanyakazi kuna haki ya asili iliyo kubwa kuliko mapatano hayo, na kwamba mtu akikubali masharti magumu kwa hofu ya kukosa kabisa, huyo ametendewa jeuri. Katekisimu, namba 2434, inashika fundisho hilo hilo. Penye kazi chache na njaa nyingi, neno "ndiyo" la mfanyakazi halitoshi kuitakasa dhamiri ya mwajiri. Papa wetu Leo wa XIV, alipochaguliwa mwezi Mei 2025, alieleza kwamba alichagua jina hilo akimkumbuka hasa Papa yule wa Rerum Novarum. Mambo haya basi hayajapitwa na wakati.

Cha pili: "Biashara yangu ni ndogo." Nawahurumia kwa dhati ndugu zangu wenye vibanda na migahawa, najua mzunguko wa fedha ni mgumu. Lakini mwenye duka asiye na fedha za kununua gunia la pili la sukari halichukui kwa muuzaji bure kwa sababu yeye ni mdogo. Analiacha. Vivyo hivyo, asiyeweza kulipia saa ya kumi aiache saa ya kumi. Afunge mapema, amruhusu mtu aende nyumbani. Sheria haimlazimishi mtu kununua saa za ziada. Inamkataza kuzichukua bila kuzilipa.

Cha tatu: "Ninamlisha, ninamvika, ni kama mwanangu." Hili twalisikia sana kuhusu mabinti wa kazi. Ni neno zuri likiwa la kweli. Lakini mwanao hulala ukimwambia alale, huenda shule, na siku moja atarithi nyumba. Binti anayeamka saa 11 alfajiri na kulala saa 4 usiku atarithi nini? Kama hatutamrithisha, tumlipe. Naye ni mfanyakazi mbele ya sheria, na zaidi ya hayo ni mwana wa Mungu.

Cha nne, ambacho naona uchungu kukitaja: "Hii ni kazi ya Mungu, ajitolee." Kinasemwa katika taasisi za Kanisa: kwa mpishi wa shule, mhudumu wa zahanati, mlinzi wa parokia. Wapendwa, sadaka hutolewa na mwenye mali. Anayejitolea huwa huru kusema hapana; asiyeweza kusema hapana hajajitolea, amechukuliwa. Sheria za Kanisa zenyewe, za mwaka 1983, kanuni ya 1286, zinawaagiza wasimamizi wa mali za Kanisa wazifuate kwa uangalifu sheria za kazi za nchi na kuwalipa wafanyakazi ujira wa haki. Hatuna budi basi kuanza nyumbani mwetu. Hatuwezi kuihubiria kambi ya wawindaji haki ambayo mlinzi wa kanisa haijui.

JE, SHAMBA LA MIZABIBU?

Kila mara jambo hili linapotajwa, yupo atakayeleta Injili ya Mathayo sura ya 20, ile isomwayo Dominika ya 25 ya Mwaka A. Je, mwenye shamba hakuwalipa wote dinari moja bila kuhesabu saa? Je, walionung'unika kwa kuvumilia joto la mchana kutwa hawakukemewa?

Tusome vizuri. Mwenye shamba alipatana na wale wa kwanza dinari moja, ujira wa siku nzima, na akawapa dinari moja kamili. Hakuwapunguzia hata senti. Tena aliwalipa jioni ile ile, kama Torati ilivyoagiza, jua lisichwe juu ya ujira wa maskini. Ukarimu wake ulianza pale haki ilipokwisha kutimizwa: aliwaongezea wale wa saa ya mwisho, ambao nao walikuwa na nyumba za kulisha. Mtu anayelitumia fumbo hili ili alipe pungufu ya haki amelisoma kinyumenyume. Mwinjili anatuonyesha bwana aliyetoa zaidi ya hesabu. Sisi tunataka kumfanya wakili wa wanaotoa chini ya hesabu. Na kama bado tuna shaka, tumsikilize Mtakatifu Yakobo katika sura ya 5, anapowaonya matajiri kwamba ujira waliowazuilia wavunaji wa mashamba yao unapiga kelele, na kelele hizo zimekwisha kumfikia Bwana wa majeshi.

TUFANYE NINI

Kwa waajiri, ushauri wangu ni mdogo na hauna gharama kubwa: nunueni daftari. Kila siku iandikwe saa ya kuingia na saa ya kutoka, na wote wawili waweke sahihi mwisho wa wiki. Mwisho wa mwezi, mfanyakazi apewe maandishi yanayoonyesha mshahara wake wa msingi, saa za ziada na makato. Sheria inadai maandishi hayo yaambatane na malipo. Daftari humlinda pia mwajiri mwaminifu dhidi ya madai ya uongo.

Kwa wafanyakazi, nanyi msijidanganye. Anayechelewa kila asubuhi, anayelala zamuni, anayeandika saa ambazo hakuzifanya, naye anaiba. Haki haina upande mmoja. Lakini aliyefanya kazi asiogope kuuliza kwa heshima. Andika saa zako mwenyewe hata kama mwajiri haandiki. Ikishindikana kwa mazungumzo, yupo Afisa Kazi, na ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai ya namna hii hupaswa kufikishwa kwenye Tume ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, kwa hiyo subira isiyo na kikomo si fadhila. Wafanyakazi wa hifadhi, mahoteli na majumbani wana chama chao, CHODAWU.

Lakini najua kwamba kwa mtu wa Rungwa safari ya kwenda mjini kutafuta haki ni ndefu, na nauli yake yaweza kulingana na deni lenyewe. Ndiyo maana natamani haki hii ipatikane kwanza hapa hapa, kwenye Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, ambako mwajiri na mwajiriwa husali rozari moja. VIWAWA hubeba neno "wafanyakazi" ndani ya jina lao. Nawaomba vijana hao wajifunze hesabu hii ya 195 na kuifundisha jumuiya kwa jumuiya. Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, mwanzilishi wa chama cha vijana wafanyakazi Wakristo, aliwafundisha vijana kutazama, kupima, kisha kutenda. Tumekwisha kutazama. Kalamu na karatasi zinatosha kwa kupima. Kutenda ni kuamua, kabla ya mshahara ujao, kwamba hakuna saa ya mtu itakayobaki mikononi mwetu bila kulipwa.

Mwajiri mpendwa, ukija kuungama, usiniambie tu kwamba ulikasirika na kusengenya. Jiulize pia ni nani unayemdai shukrani wakati yeye anakudai fedha. Na kumbuka kwamba kwa dhambi ya mali ya mtu toba haikamiliki bila kurudisha. Zakayo alilijua hilo kabla hajashuka vizuri kutoka juu ya mti.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi atuombee sote, wenye kulipa na wenye kulipwa.

Nawatakieni Dominika njema na juma lenye baraka.

Padre wenu,
Rungwa